Gari Lisilochemka

Mtu mmoja alikuwa na Benzi. Tulieni kwanza, msianze kukohoa. Si hizi za siku hizi ambazo ukipoteza kidude cha mfukoni unalala nje ya gari lako mwenyewe kama mgeni. Lilikuwa gari la zamani, jeusi, refu, la milango minne, lenye viti vya ngozi nyekundu na taa zilizokaa kama macho ya mtu aliyeona mengi na hana haja ya kusimulia. Mlango wake haukupigwa. Ulisukumwa kwa kidole, nao ukasema tup, kama mtu mzima aliyekubali jambo. Mwenye gari aliitwa Mhina Shechambo. Alikuwa mtunza stoo katika shamba la mkonge karibu na Mombo, pale chini ya milima ambapo joto linaamka kabla ya watu, na gari hilo alilinunua kwa meneja wa shamba aliyekuwa anahamia mbali.

Mhina hakuwa fundi. Alijifunza kwa kulifungua na kulifunga. Kando ya nyumba alijenga banda la bati kwa mihimili ya mti mgumu, akapigilia misumari ukutani, na kila spana ikapata msumari wake, kubwa kwa ndogo, kama familia iliyopiga picha. Gasketi ikikatika alikata nyingine kwa mkasi kutoka kwenye karatasi nene ya gasketi. Kiti kikichanika alikishona kwa mkono, uzi wa nta, mshono mdogo mdogo, mpaka ukipitisha kidole huuoni. Watu wenye magari mapya walipita pale wakasimama. Hawakusimama kwa sababu wamekwama. Walisimama kutazama. Gari likiwaka asubuhi lilinguruma chini kwa chini, na vijana wa kijiweni waliacha bao katikati ya mchezo wakasema, "Hilo ndilo gari. Haya yetu ni viberiti."

"Mzee Mhina," walimchokoza, "hilo ni gari au mke wa pili?"

Nambua mkewe alijibu kutoka jikoni kabla ya mumewe hajafungua mdomo. "Mke wa pili angekuwa anasaidia kupika. Huyu anakula tu!"

Siku hizo walikuwa watu wa moto, Mhina na Nambua. Walibishana juu ya chumvi ya mchuzi, juu ya jina la mtoto, juu ya nani aliyeacha taa ikiwaka. Walibishana mpaka majirani wakapunguza redio wapate kusikia, na kabla mbishi mmoja hajamaliza hoja yake, mwenzake alikuwa ameshacheka. Binti yao Zahia alikulia katika kelele hizo akanenepa.

Gari lilikuwa na ugonjwa mmoja. Tambarare lilikwenda kama maji, lakini likianza kupanda milima ya kwenda Lushoto lilichemsha. Mshale wa joto ulipanda, mvuke ukatoka puani mwa gari, na Mhina akashuka na dumu lake. Alilinywesha maji ya kisima cha nyumbani, maji ya Mombo yenye chumvi, likapoa, likaenda, likachemsha tena mbele. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Gari likichemsha unalinywesha maji. Nani ana muda wa kumuuliza mwenye kiu kiu yake imetoka wapi?

Asubuhi moja habari ilishuka kutoka Mlalo, juu kabisa milimani, kwamba baba yake Nambua amefariki, na mazishi ni baada ya adhuhuri. Nambua alijifunga khanga, akasema waende stendi wapande gari la abiria lililokuwa linajaza. Mhina akasema hapana. Akasema baba mkwe hazikwi na mtu aliyeshuka kutoka juu ya magunia ya sukari. Akachukua kitambaa na ndoo, akaliosha gari, bodi nzima, mpaka pembezoni mwa vioo. Nambua alisimama mlangoni anamtazama, viatu vyake vimeshavaliwa. Ndipo wakaondoka.

Kwenye kona za Soni gari lilichemsha. Wakangoja lipoe. Mbele kidogo likachemsha tena. Walipofika Mlalo waliwakuta wanaume wanarudi kutoka makaburini, wanapangusa udongo mikononi.

Walivumilia msiba wote bila kuambiana kitu. Lakini siku ya kurudi, gari lilipunguza mwendo pale Soni kama linatafuta pa kukaa, likachemsha hata kwa kuteremka, na hao wawili wakawa wamesimama kando ya barabara, mvuke kati yao. Nambua akasema, "Ulikuwa unaosha gari wakati baba yangu anaoshwa."

Mhina alichomwa. Na mtu aliyechomwa hachagui anachoshika. Akajibu, "Baba yako alikuwa mgonjwa tangu mfungo wa Ramadhani. Ungetaka kumwona ungekuwa umeshamwona."

Kila mmoja aliyaona maneno yake mwenyewe yamesimama barabarani, yana miguu, akayaogopa.

Fundi wa kando ya barabara aliwaona akaja na spana mkononi, hajaitwa. Alifungua mpira wa maji, akachokonoa, akatoa kidude cha shaba kidogo kama kifuniko cha kibuyu. "Huyu ndiye mchawi wako, mzee. Themostati. Kazi yake ni kuziba maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, ndipo ayafungulie. Sasa ya nini? Hiki ni cha kwao kwenye barafu. Huku kwetu moto tunao wa bure!" Akaziba njia ya pembeni, ile ya maji yasiyokwenda kupozwa, kwa kizibo cha mti, akafunga mpira, akakitupa kile kidude bondeni. Wakasikia kinavyogonga mawe, kisha hawakukisikia tena. Gari likateremka mpaka Mombo bila kuchemsha. Nao wawili ndani yake wakateremka hivyo hivyo.

Kuanzia siku ile gari la Mhina halikuchemsha, na nyumba ya Mhina haikuchemsha. Hawakukaa kikao, hawakuwekeana sharti. Walijua tu, kila mmoja kwa upande wake, kwamba kuna maneno yakiguswa yatawaunguza, basi wakaacha kugusa maneno yaliyo karibu na hayo, na yaliyo karibu na hayo ya karibu, mpaka yakabaki machache sana ya kusema. Chai iko mezani. Ahsante. Umeme umekatika. Haya. Chumvi ikizidi Mhina alikula. Taa ikiachwa ikiwaka Nambua aliizima. Majirani walirudisha redio zao juu, wakasifu. Shehe wa mtaa akifungisha ndoa aliwageukia vijana akasema, "Mtazameni Mzee Mhina na mkewe. Mmesikia sauti pale?" Kweli, hawakusikia. Hata paka wa pale alijifunza kutembea kwa adabu.

Zahia akaolewa, akaenda Handeni. Alipowatembelea alikaa sebuleni akatazama huku na huku, akauliza kama kuna mgonjwa.

Gari nalo likaanza kuchoka, na si kwa kelele. Lilianza kunywa petroli kuliko zamani. Likatoa moshi mweusi asubuhi, ukaendelea mpaka adhuhuri. Nguvu zikaliishia, mwinuko mdogo wa kuingia sokoni likaupanda linahema. Mhina akaingia banda. Hapa mheshimuni mzee wa watu, maana wengi wenu gari likikohoa mnalipigia simu tu. Yeye alitandika mkeka, akalala chali chini ya kile chuma, akafanya kazi ya kupendeza macho. Alishusha kabureta akaiosha tundu kwa tundu, akapuliza, akaangalia mwanga upande wa pili. Alibadilisha plagi, akapima nafasi zake kwa wembe. Alikaza vali, akasikiliza kwa bisibisi aliyoweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, kama daktari. Kila alichokigusa kilikuwa kimechoka kweli, na kila alichokigusa kilipona. Ila gari halikupona.

Aliona mambo mawili ambayo hakuyaelewa. Mshale wa joto ulilala chini kabisa, hata akienda mpaka Korogwe jua la saa sita. Na akifungua kifuniko cha oili, chini yake palikuwa na ute mweupe mzito, kama uji. Aliufuta. Kesho yake ulikuwepo. Aliufuta tena.

Nambua alimletea chai bandani akaiweka juu ya kigoda. Alikaa kidogo, akatazama miguu ya mumewe iliyotokeza chini ya gari. Alikuwa na maneno. Mhina kule chini alisikia pumzi ya mtu mwenye maneno, akasimamisha spana, akangoja. Kisha akasikia ndara zinarudi jikoni.

Ndipo mama yake Nambua akaugua huko Mlalo. Nambua akasema, "Naona nikakae kwa mama."

"Ni vizuri," akasema Mhina.

Hakuuliza mpaka lini. Lakini siku ile alipita chumbani, begi liko wazi, akaona katikati ya khanga karai. Lile karai jeusi la maandazi, ambalo Nambua alilitumia kukaangia kila alfajiri tangu wahamie nyumba ile, mtaa mzima ukaamka kwa harufu yake. Mwanamke anayekwenda kuuguza hubeba nguo, hubeba dawa, hubeba sabuni. Karai hutolewa jikoni na mtu anayehama. Mhina alilitazama mpaka macho yakamwasha. Kisha akafunika begi vizuri, kwa adabu, akatoka nje. Akasimama bandani hajui ameshika nini, akatazama mkononi, ilikuwa spana ya saizi isiyofaa kitu chochote kwenye gari lile.

Alijua atakachofanya. Atalitengeneza gari ili lipande mlima, limpeleke mkewe juu kwa heshima, kisha lirudi na yeye peke yake. Hilo ndilo aliloweza kumpa. Kumwambia baki lilikuwa neno la moto, na moto nyumbani kwake ulishakatazwa.

Lakini gari lilikataa mlima. Alilijaribu, kona za kwanza tu likahema, likazima. Basi Kaoneka, mdogo wake Nambua, akaja na pikapu, na nyuma ya pikapu injini imefungwa kwa kamba. Kaoneka alikuwa mtu wa maneno mengi na kucha safi. "Shemeji," akasema, "usihangaike na chuma cha marehemu. Hii nimeitoa kwenye kigari kidogo, nzima kabisa. Tunang'oa hiyo, tunapachika hii, mchana umekwisha. Mwili wa Benzi, moyo wa gari la sokoni. Nusu ya wakubwa wa mji huu wanatembea hivyo. Nani atafungua boneti akuchungulie?"

Mhina alitazama gari lake. Alitaka kusema hapana. Ilikuwa hapana kubwa, ilimjaa kifuani. Lakini Kaoneka ni shemeji, na Nambua alikuwa anasikia dirishani, na kukataa kungeleta mazungumzo, na mazungumzo yangeleta mengine.

"Haya," akasema.

Wakaninginiza mnyororo kwenye mhimili wa banda, ndoano ikawa inayumba juu ya boneti iliyo wazi. Kaoneka akasema liwashwe kwanza, liungurume kwa muda, oili ipate moto imwagike vizuri. Likawashwa. Likaunguruma, nao wakazungumza habari za mvua. Liliunguruma mpaka Kaoneka akaishiwa habari za mvua akahamia bei ya viazi. Nambua akaja na sinia ya chai na maandazi ya kumkirimu ndugu yake, karai amelitoa begini kwa asubuhi hiyo tu, na kwa kuwa kigoda kilikuwa kimejaa spana, akapinda kuiegemeza sinia kwenye gari. Kiganja chake kikaangukia juu ya injini.

Aliruka. "Mama yangu!" Kisha akautazama mkono wake. Akaurudisha pale pale, taratibu, ukakaa.

"Hii imewaka tangu saa ngapi?"

"Tangu muda mrefu, dada," akasema Kaoneka. "Toa mkono, utaungua."

"Niungue na nini? Maji ya kuogeshea mtoto yana moto kuliko hii." Akamgeukia mumewe. Ulikuwa umepita muda hajamtazama hivyo, uso kwa uso, macho yote mawili. "Baba Zahia, hili gari halijapata moto."

Kaoneka akacheka. "Ndiyo uzima huo! Gari lisilochemka. Watu wanalitafuta gari kama hilo kwa tochi."

"Uzima gani, wewe? Tia andazi kwenye mafuta ambayo hayajapata moto uone. Halilii, halirushi, limetulia humo kama limelala. Unasema, ah, leo sijaungua. Kumbe linakunywa mafuta. Linakunywa yote, na ukilipasua ndani ni bichi!" Akafungua kifuniko cha oili kwa kona ya khanga, akaona ule uji mweupe. "Si hilo? Hili halina ugonjwa. Hili linakaangwa baridi!"

Sauti yake ilipanda. Aliisikia mwenyewe, akashtuka, akafunika mdomo kwa khanga, akaokota sinia ili aondoke. Hatua chache tu zilibaki afike mlangoni, na angefika, na mnyororo ungeshuka, na injini ingetoka, na kesho yake angepanda Mlalo na karai lake. Mhina aliona yote hayo yamepangwa kama spana ukutani.

"Mama Zahia," akasema, "karai unalipeleka wapi?"

Sinia ilianguka.

"Umeliona?"

"Nimeliona."

"Umeliona, na ukanyamaza?"

"Ulitaka nifanyeje?"

"Ulitaka nikujibie na hilo? Uniulize! Ulie! Ulifiche! Mtu anapakia karai lake mbele ya macho yako, nawe unamfungia begi? Nililikuta umelifunga, Baba Zahia, umelipanga na khanga! Mume gani wewe unampangia mkeo nguo za kukuacha?"

"Na wewe mke gani unayeaga kwa karai? Huna mdomo?"

"Mdomo ninao! Uliuziba wewe pale Soni!"

"Niliuziba mimi? Nani alisema naosha gari wakati babako anaoshwa?"

"Si ulikuwa unaliosha?"

"Nilikuwa naliosha!" Mhina alipiga kelele mpaka mabati yakaitika. "Nilikuwa naliosha kwa sababu siku ya posa babako aliniuliza mbele ya wazee wote, binti yangu utamchukua na nini, mgongoni? Watu wakacheka. Nimelala na kicheko kile miaka yote. Nilitaka anione nimefika na kitu. Kwake tulikwenda kwa basi, nikiogopa aibu ya kuchemsha njiani; hakuwahi kulipanda. Hata kuliona hakuliona. Nikasema basi, hata akiwa amelala, lifike mlangoni kwake likiwa safi. Nikamkosa. Nilikukosesha na wewe. Najua, Nambua. Kila nikiligusa gari hili najua."

Nambua alikuwa analia, na bado hajamaliza ugomvi. Wanawake wa milimani wanaweza yote mawili. "Na mimi sikwenda kumwona," akasema. "Ulisema kweli ile, ndiyo maana sikukusamehe. Niliogopa nitalia mbele yake, ajue anakufa. Nikawa nasingizia kila wiki. Ningemchukia nani, kama si wewe na gari lako?"

Juu ya ukuta wa jirani palikuwa na vichwa. Kijiweni bao lilisimama. Shehe wa mtaa, aliyekuwa anapita njia, alisimama na bakora yake, akasikiliza kidogo, akaendelea na safari kama mtu anayetafuta mfano mwingine wa kuwapa maharusi. Kaoneka aliokota andazi lililoanguka, akalipuliza vumbi, akalila. Kisha akaziondoa spana kigodani, akapanda juu yake akaanza kufungua mnyororo wake.

"Mimi naona leo si siku ya injini," akasema, na hakuna aliyemsikia.

Wiki ile Mhina alitafuta kidude kingine kama kile, akakipata Tanga, kipya, kimefungwa kwenye karatasi. Lakini kabla hajakirudisha mahali pake alijiuliza lile swali ambalo hakuuliza siku zote za ujana wake: lilikuwa linachemsha kwa nini? Akashusha rejeta. Akaichungulia, akaona vijia vya maji vimezibwa kwa chumvi ya kisima na tope jekundu, gumu kama lipu, miaka na miaka ya kupoza bila kusafisha. Kumbe kile kidude kilisingiziwa. Hakikuchemsha gari hata siku moja. Walimtupa asiye na kosa, wakaacha uchafu ukae, na kwa kuwa mvuke haukuonekana tena, wakasema limepona.

Nambua alileta malimau na maji ya moto, kama asafishavyo birika lake. Walimimina, wakangoja, wakamwaga, wakamimina tena. Yalitoka maji meupe, kisha mekundu, kisha meusi, na vipande vya chumvi vikatoka kama magamba. Kazi ilikuwa chafu, na maneno waliyoongea wakati wa kuifanya hayakuwa safi yote. Mengine yaliuma. Kuna saa Nambua aliinuka akaenda jikoni kwa hasira, akakaa, akarudi na limau jingine. Mhina akafunga kila kitu mahali pake, akatoa kile kizibo cha mti, akakaza, akafuta mikono. Likawashwa. Mshale ukaanza kuinuka. Gari lile zee, heshima yake ikalirudia mbele ya macho yao. Moshi ukafifia, mlio ukashuka chini, mzito, laini, kama mtu aliyemaliza kukohoa akakumbuka sauti yake.

Walipanda pamoja kwenda kumtazama mgonjwa. Karai Nambua alilirudisha kwenye msumari wa jikoni bila kuulizwa. Kwenye kona za Soni mshale ulipanda, ukapanda, na mikono ya Mhina ikalowa jasho kwenye usukani. Nambua hakutazama mabonde wala maporomoko, alitazama mshale. Ukafika katikati. Ukatetemeka. Humo ndani kilango kidogo kilifunguka kwa wakati wake, maji yakapita mahali palipo safi, na mshale ukakaa pale pale katikati, na gari likaupanda mlima kama linapanda ngazi za nyumbani kwake. Mhina aliachia pumzi, akacheka peke yake kama kichaa.

Walifika Mlalo gari limejaa vumbi jekundu mpaka kwenye vioo. Hakulifuta. Alikwenda kwanza kaburini, Nambua nyuma yake, akasimama akasema alichosema, na hilo ni lake na baba mkwe wake. Kisha wakaingia kwa mgonjwa.

Mhina alipokuwa anaondoka peke yake kuteremka, Nambua alimsindikiza mpaka garini, akaegemea dirisha. "Mama akipata nafuu nitakupigia simu uje unichukue. Na ukichelewa, Baba Zahia, utanisikia."

"Nitachelewa kidogo basi," akasema Mhina.

"Ondoka hapa!" akasema, akaupiga mlango kofi.

Basi wewe unayejisifu kwa watu kwamba nyumbani kwako hamjagombana tangu mwaka juzi: mmepatana, au mmepoa?